Mkonga ulikuwa mkavu

Gari lilifika gereji likitembea lenyewe, na hilo ndilo lililowadanganya wote. Ni Land Cruiser pikapu, zile tunazoziita mkonga kwa sababu ya bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi juu ya paa, injini ya dizeli 1HZ, mali ya mzee mmoja mfuga nyuki wa Sikonge anayepeleka mizinga na vibarua porini upande wa mto Ugalla na kurudi na ndoo za asali. Malalamiko yalikuwa mawili: asubuhi haliwaki mpaka lisumbuliwe, na likishawaka linatoa moshi mweupe huku likigonga ko-ko-ko kwa dakika kama kumi, kisha linatulia. Dereva, kijana niliyemwita dogo, alitaka nibadilishe nozeli, zile zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda. Alishanunua zote sita, zilikuwa kwenye mfuko wa rambo mkononi.

Nikauliza kama gari limeingia majini. Dogo akaangalia pembeni. Mzee ndiye aliyejibu.

"Lilizimika majini wiki tatu zilizopita, fundi. Lakini lilipona."

Nikamwambia dereva arudishe nozeli dukani kabla risiti haijapotea.

Asiyeijua Tabora hudhani hatari ya masika huku ni mto. Mto unaonekana, una kingo, unavuma, mtu anauogopa. Kinachotumaliza ni mbuga. Nchi yetu ni tambarare, na mvua zikianza Novemba mpaka Aprili maji hayana pa kukimbilia; yanakaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, yanatambaa polepole kuelekea Ugalla, kisha Malagarasi, mpaka Ziwa Tanganyika. Ukisimama ukingoni unaona maji yametulia, nyasi zimechomoza, ng'ombe wamepita asubuhi. Chini yake kuna mitaro ya magurudumu ya mikokoteni iliyochimbwa kiangazi kizima, na hakuna anayeiona.

Hapo ndipo dogo alipoingia, saa kumi jioni, mwezi wa pili, gari likiwa na vibarua wanne na mizinga nyuma. Alinieleza vizuri, na nampa sifa kwa kutoficha. Alifunga 4x4, akaweka lo, zile gia nzito za mwendo wa chini, gia ya pili, akaingia kwa kasi "ili lisikwame". Maji yalipanda mpaka kwenye boneti lakini gari lilikuwa linasukuma wimbi mbele, nyuma ya wimbi kukawa na nafuu. Katikati tairi la mbele kushoto likatumbukia kwenye mtaro. Pua ikainama. Yeye akashtuka, akatoa mguu kwenye mafuta. Wimbi alilokuwa akilisukuma likamrudia lote kwa mara moja, likafunika boneti, na injini ikazima papo hapo bila hata kukohoa. Akageuza ufunguo. Tak. Akageuza tena. Tak.

Walivutwa na trekta. Kijijini kuna kijana anayejua spana, akafungua gloo plagi zote, zile za kupasha silinda joto, wakapiga staata, maji yakaruka "kama bomba la mvua", wakarudisha, likawaka. Filta ya hewa walianika juani wakairudisha. Wakamwaga oili, wakaweka mpya. Kijana huyo alifanya zaidi ya yale ambayo mafundi wengi wa mjini wangefanya pale porini. Kilichobaki kilikuwa ndani, hakionekani kwa macho.

Nilipima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Silinda tano zilisoma kati ya baa 29 na 31. Ya nne ilisoma 24. Tofauti ya namna hiyo kwenye silinda moja tu, kwa injini iliyokuwa nzima mwezi uliopita, haiwezi kuwa uchakavu. Uchakavu hauchagui.

Hapa inabidi nifanye hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo kiini cha kisa. 1HZ ni lita 4.2, silinda sita, kila pistoni ina kipenyo cha milimita 94 na mwendo wa milimita 100. Kila silinda basi inameza sentimita za ujazo 694 za hewa, na kwa kuwa mbano wake ni zaidi ya 22 kwa 1, pistoni ikifika juu kabisa nafasi iliyobaki ni kama sentimita za ujazo 32 tu. Hivyo ni vijiko viwili vya mezani. Hewa inakubali kubanwa humo, maji hayakubali. Vijiko viwili na nusu vya maji ya mbuga vikiingia silinda moja, pistoni inakuta ukuta kabla haijamaliza safari. Flaiwili, gurudumu zito la injini, bado inazunguka kwa uzito wake wote, inasukuma. Kitu lazima kikubali kushindwa, na kinachokubali ni konrodi, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na kranki. Dereva alishatoa mguu kwenye mafuta, mizunguko imeshuka, kwa hiyo haikukatika ikatoboa bloku. Ilipinda.

Tulipofungua hedi nililaza rula ya chuma juu ya bloku na kupitisha fila geji, vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Pistoni tano zilifika kimo kimoja. Ya nne iliishia chini kwa milimita moja. Kwenye ukuta wa silinda, ule mstari wa masizi unaobaki juu ya ringi ya kwanza ulikuwa umepanuka kushuka chini, maana ringi haikufika tena juu kuusafisha. Milimita moja kwa kipenyo kile ni sentimita za ujazo 7. Nafasi ya 32 imekuwa 39, mbano umeshuka kutoka 22 na ushee hadi 19 hivi, na ndiyo maana silinda ile ilikuwa baridi asubuhi, dizeli haikuungua vizuri, moshi mweupe ukatoka. Zile nozeli mpya zisingesaidia chochote, na konrodi iliyopinda ingeendelea kula bushi upande mmoja mpaka siku ikatike barabarani.

Wapo wanaonyoosha konrodi kwa presi. Mimi sinyooshi. Tuliweka nyingine yenye uzito sawa na zile tano, tukapima kranki ikawa sawa, bushi mpya, gasketi ya hedi mpya, kazi ikaisha siku ya tano. Sehemu hiyo kila fundi anaijua.

Swali la mzee ndilo lililonichelewesha. "Fundi, hili gari lina mkonga. Mkonga unapita juu ya paa. Maji yalifika kwenye boneti. Yaliingiaje?"

Dogo alikuwa na jibu lake: yalipitia ekzosi. Hapana. Injini ikiwa hai inasukuma moshi nje hata bomba likiwa chini ya maji. Tatizo la ekzosi huanza ikishazimika. Nilipanda ngazi nikafungua kichwa cha mkonga. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu, kavu, na kwenye ukuta wake kiota cha nyigu, kile cha udongo, kizima hata hakijalainika. Maji hayakukaribia pale. Mkonga ulikuwa mkavu kuliko mimi.

Chini, kwenye boksi la filta, hadithi ilikuwa nyingine. Karatasi ya filta ilikuwa imejikunja kama daftari la mtoto lililonyeshewa, na mstari wa tope ulizunguka boksi zima kwa ndani. Kati ya kichwa kikavu na boksi lenye tope kuna njia ya mita moja na kidogo, na ndani ya mita hiyo ndipo maji yalipopita.

Injini ni pampu ya kuvuta. Kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, 1HZ inavuta karibu lita 3,000 za hewa kila dakika, mapipa 15. Ukiacha tundu dogo popote kwenye njia hiyo, haitaangalia kama nje ya tundu kuna hewa au maji, itavuta. Kuweka mdomo wa bomba juu ya paa hakusaidii kitu kama bomba lenyewe limetoboka kwenye maji. Mkonga wa gari hili haukuwa wa kiwandani. Ulifungwa na fundi ambaye simjui, na kwa nje ulikuwa umepigwa vizuri kabisa, skrubu zote zimenyooka.

Kutafuta tundu kwa macho ni kujidanganya. Nikakumbuka gari ni la nani. Nikamwomba mzee bomba lake la kufukizia nyuki, lile la bati lenye mvukuto wa ngozi. Akacheka, akaenda kulitoa kwenye gari, akalijaza magome makavu na matambara ya gunia, akawasha. Nilifungua mpira unaoingia kwenye manifoldi, nikauziba kwa tambara lililokunjwa. (Tambara hilo liwe jekundu na liwe na kamba ndefu inayoning'inia nje. Nimeshaona injini iliyomeza tambara.) Injini imezimwa, dogo yuko juu ya ngazi, anapuliza moshi kwenye kichwa cha mkonga na kuziba kwa kiganja.

Tulisubiri labda nusu dakika. Moshi wa kwanza ulitokea ndani ya fenda, pale bomba la mkonga linapokutana na mpira wa boksi: clampu ilikuwa upande mmoja tu, upande wa pili palipakwa silikoni iliyokwishakauka na kubanduka. Wa pili ulitoka kwenye matundu mawili ya boliti zinazoshikilia mkonga kwenye fenda. Zilitoboa hadi ndani ya bomba. Wa tatu ndio uliomfanya mzee ainame kuangalia vizuri: chini kabisa ya boksi la filta, uzi mwembamba wa moshi ukishuka kwenye tundu la kudondoshea maji ya mvua. Tundu lilipaswa kuwa na kimpira cha kujifunga. Hakikuwepo.

"Kwa hiyo alikuwa anapumulia tumboni," mzee akasema.

Ndiyo, na tumbo lilikuwa ndani ya maji.

Tuliweka mpira mpya wenye clampu mbili za chuma, boliti tukazipa washa za mpira na silikoni ya kuvumilia joto, tundu la chini tukaliwekea kimpira chake. Kisha jaribio la pili, na hili nalipendekeza kwa kila mwenye mkonga hata kama hana mfuga nyuki jirani: washa injini, iache ingurume yenyewe bila kukanyaga mafuta, kisha ziba mdomo wa mkonga kwa kipande cha mpira wa tairi kilichogongewa ubao. Injini nzima inatakiwa ikabwe na kuzima ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kunguruma kama haijaguswa, inapumua mahali pengine. Yetu mara ya kwanza iliendelea, kwa kinyongo, ikitetemeka. Clampu moja haikukaza. Mara ya pili mipira ilijikunja ndani, injini ikakata. Ndipo nikaweka filta mpya.

Mzee alidhani tumemaliza. Nikamwambia tumemaliza pua. Bado viungo vingine vinavyopumua. Nikafungua boliti ya difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya ekseli. Kilichotoka ni chai ya maziwa: oili iliyochanganyika na maji.

Difu, gia boksi na transfa kesi (inayogawa nguvu mbele na nyuma) kila moja ina kitundu cha kupumulia, na kwenye gari hili cha difu ya nyuma kilikuwa kimeziba kwa kutu na matope. Fikiria difu iliyotembea saa mbili, ina joto la nyuzi 80, inatumbukia ghafla kwenye maji ya nyuzi 25. Hewa ya ndani inajikunja kwa kama asilimia 15. Inataka kuvuta, kitundu kimeziba, kwa hiyo inavuta kwenye sili za ekseli, na kinachosubiri nje ya sili ni maji ya tope. Dawa yake ni ya bei ndogo kuliko kitu kingine chochote tulichofanya: mipira ya mafuta ya milimita 8, mita chache, kutoka kila kitundu hadi juu nyuma ya kabini, mwisho ukiwa umegeuzwa chini na kufunikwa kichujio kidogo. Oili mpya kote. Na dereva akifika kwenye maji, asimamishe gari robo saa lipoe. Dogo aliona hilo ni kupoteza muda.

Mkanda wa taiming ulinitia wasiwasi zaidi. 1HZ inaendesha kamshafti, ile inayofungua vali, kwa mkanda wa mpira, na mfuniko wake hauzuii maji kama watu wanavyodhani. Maji yanaingia, yanatoka, mchanga unabaki. Ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi inahesabu kilomita, haihesabu matope. Mkanda ukikatika vali zinagongana na pistoni, na tunarudi kufungua hedi. Nilibadilisha mkanda na tenshena, nikaweka gasketi mpya ya mfuniko.

Kwenye feni tulibishana. Mwenzangu gereji, mtu wa malori ya zamani, alishauri kabla ya kuvuka wafungue feni belti, feni isije ikasukumwa na maji ikachana rejeta. Hofu yake ni ya kweli: feni ya plastiki ikipiga maji inajipinda mbele kama pangaboi ya boti. Lakini kwenye injini hii mikanda hiyo hiyo inazungusha pampu ya maji na alteneta, na mgongoni mwa alteneta ndipo ilipo pampu ya vakyumu ya breki. Utafungua mkanda kuokoa rejeta, halafu utatoka upande wa pili breki ni ngumu kama jiwe. Feni ya 1HZ ina klachi yake ya mafuta, ikikutana na ukinzani inateleza. Mwendo wa chini na turubai lililofungwa mbele ya grili vinatosha: turubai linasukuma wimbi, na nyuma yake ndani ya boneti maji yanashuka. Ila kwa sharti la kutosimama. Ukisimama, maji yanalingana pande zote.

Umeme ulichukua nusu saa. Uzuri wa 1HZ ni kwamba pampu yake ni ya kimakanika, haina kompyuta ya kuogopa maji. Inachohitaji ili iendelee kuwaka ni waya mmoja, ule unaofungua mafuta kwenye pampu. Waya huo ulikuwa umeungwa kwa selotepu. Tuliubadilisha mzima, tukapaka grisi kwenye soketi, tukaupitisha juu.

Baada ya yote hayo mzee akauliza swali alilolilipia: sasa linapita maji ya wapi?

Toyota yenyewe imeandika milimita 700 kwa Land Cruiser hizi za mfululizo wa 70. Watu hawaamini. Tairi la 7.50R16 lina kimo cha kama sentimita 80, kwa hiyo maji yakikaribia kufunika tairi umeshafika ukomo wa mtengenezaji, na dogo aliingia kwenye maji ya boneti. Sikutengeneza gari la kupita maji ya boneti. Nilitengeneza gari ambalo likikutana na mtaro kwenye maji ya sentimita 70 halitakufa.

Kupima kina ndiyo kasheshe nyingine. Ushauri unaosikika kila mahali ni kwamba dereva ashuke atembee kwanza. Ukanda wa Ugalla una mamba na viboko. Sitamwambia mtoto wa mtu aingie hadi kiunoni kwa ajili ya gari. Tulikata mti wa mita tatu, tukafunga raba nyekundu mbili za tyubu: ya kwanza sentimita 50, ya pili 70. Unauchomeka majini ukiwa juu ya mtumbwi wa wavuvi, au ukiwa juu ya boneti gari likisogea ukingoni. Raba ya kwanza, pita taratibu, gia moja, usiguse klachi katikati, usitoe mguu. Raba ya pili, geuza.

Mwezi wa nne dogo alinipigia simu akiwa porini, mtandao unakatika.

"Fundi, raba ya pili imelowa. Imelowa kidogo tu."

"Geuza."

"Tuna ndoo kumi na nane za asali, mzee anasubiri."

"Geuza, dogo. Maji ya mbuga hayana haraka, na wewe usiwe nayo."

Walilala ukingoni. Mvua haikunyesha usiku huo, na kesho yake saa nne raba ya pili ilikuwa kavu, wakavuka na gia ya kwanza lo.

Jumamosi walikuja gereji kukaguliwa. Boksi la filta lilikuwa na vumbi tu. Nikafungua boliti ya difu ya nyuma, oili ikachuruzika taratibu kwenye beseni, nzito, ya manjano, inapitisha mwanga. Mzee alichovya kidole, akakiinua juani kama anavyofanya na bidhaa yake.

"Hii ni ya miombo," akasema, akaomba sabuni.